Namba Kumi na Sita za Boksi la Maji

Mwalimu wenu wa kompyuta aliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, nyinyi mnaomaliza chuo mwaka huu. Nilimjibu sawa bila kufikiri, na sasa ni wiki mbili nazunguka na hiyo sawa. Naandika mistari mitatu, natoka kwenda kuangalia chai. Nachuma kiganja kimoja cha majani, narudi, naona ile mistari mitatu haina maana, naifuta. Watu wa hapa Kibugu hufikiri mtu akistaafu hutulia. Mimi nilistaafu, miguu ikakataa.

Kwa hivyo nikirukaruka mnivumilie. Ninalo jambo moja la kuwaambia, na linamhusu mzee mmoja wa upande wa Ruiri ambaye nilimharibia jina bila hata kutoka ofisini kwangu Embu. Nilimharibia kwa programu, kwa mistari michache niliyojivunia kuliko yote niliyowahi kuandika. Lakini ili mjue nilivyomkosea, lazima kwanza mjue kazi yenyewe ilikuwa nini, na najua nyinyi vijana huruka maelezo. Haya msiyaruke.

Tulikuwa watu wanne katika ofisi ya chumba kimoja na nusu mjini Embu. Ile nusu nyingine ilikuwa ya fundi cherehani, nyuma ya pazia. Tulitengeneza maboksi ya kuongoza maji kwa miradi ya wakulima: boksi linafunga valvu hii, linafungua ile, kila laini ya bomba inapata maji kwa zamu yake, na kila jambo linaandikwa kwenye rekodi. Ndani ya boksi kulikuwa na kompyuta ndogo sana, ya bei ya chini, isiyokuwa na nafasi ya programu kubwa za watu. Ikabidi tujiandikie shell yetu wenyewe.

Shell ni ile programu inayokaa ikingoja uipe amri, ikishaipata inaitekeleza, kisha inangoja nyingine. Ndiyo hiyo tu. Lakini mwambie mtu wa kwetu kwamba unatengeneza shell. Mama yangu aliwatangazia akina mama wa kanisa kwamba Wanja amejenga sheli Embu, na Jumatatu yake mzee mmoja alinifuata mpaka ofisini kuniomba kazi ya kuwawekea watu petroli. Alipoona meza na waya, aliniangalia kwa huruma sana.

Sasa sikilizeni. Programu ikifungua faili, mashine huipa faili hiyo namba. Vitabu vinaiita file descriptor, sisi tuliiita namba tu. Sifuri ni mahali pa kusomea amri, na kwa boksi letu palikuwa ni vibonyezo vya mlangoni. Moja ni pa kuandikia majibu. Mbili ni pa kulalamikia, mambo yakiharibika. Kuanzia tatu ni za yeyote atakayewahi. Nyinyi leo mashine zenu zina namba elfu na zaidi, mnazitapanya hamjali. Boksi letu lilikuwa na kumi na sita, sifuri mpaka kumi na tano, na zikiisha zimeisha.

Kazi ya shell na hizo namba ni kama kazi ya mama mwenye nyumba akipata mgeni. Unamhamisha mtoto kitandani, mgeni analala, asubuhi unamrudisha mtoto pale pale. Shell ikitaka programu isome faili badala ya vibonyezo, inachukua vibonyezo kutoka sifuri, inavilaza kwenye namba nyingine, inaweka faili pale sifuri, programu inafanya kazi yake, kisha vibonyezo vinarudishwa. Ujuzi wote ni kukumbuka mtoto umemlaza wapi, na kuhakikisha kwamba kweli ulipata mahali pa kumlaza.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Njeru, mtu wa Kianjokoma, mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha makusudi. Hakunifundisha kwa kompyuta. Siku yangu ya kwanza alimwaga mezani vifuniko kumi na sita vya soda, akaazima rangi ya kucha, yangu mwenyewe, akaandika namba juu ya kila kifuniko.

"Wewe ni shell," akaniambia. "Mimi ni mashine. Niombe namba."

"Nipe namba ya kufungulia faili."

Akanipa tatu. Nikaomba nyingine, akanipa nne. Nikamrudishia tatu, nikaomba tena, akanipa tatu ile ile. "Mashine hutoa namba ya chini kabisa iliyo wazi," akasema. "Hiyo usiisahau hata ukiwa mgonjwa." Tuliendelea mpaka vifuniko vikaisha, nikanyoosha mkono kuomba cha kumi na saba, akakohoa. "Hakuna. Sasa utafanya nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniacha na mkono hewani mpaka chai ikaja.

Nilidhani ni mchezo wa kupoteza wakati. Mimi nilikuwa nataka kuandika, vidole vilikuwa vinaniwasha. Baadaye niligundua kwamba yeye alikuwa anauliza swali moja tu kila siku kwa sura tofauti: ukiombwa kitu na kikakosekana, utafanya nini? Na mimi kila siku nilikuwa nacheka.

Kosa langu la kwanza liliwafurahisha watu wengi. Kwenye programu moja nilifunga namba mbili, ile ya malalamiko, kwa sababu malalamiko yalikuwa yananichosha. Faili iliyofunguliwa baada ya hapo ilikuwa orodha ya wakulima, na mashine, kwa vile hutoa namba ya chini iliyo wazi, ikaipa namba mbili. Sasa kila programu ilipolalamika, malalamiko yakaenda kuandikwa ndani ya orodha. Siku ya mkutano karani akasimama kuita majina: Gitonga, Mwenda, Faili Haipatikani, Kagendo. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Na huyo Faili Haipatikani ni wa boma gani, mbona hatumuoni kwa kazi ya kuchimba mtaro?"

Bwana Njeru aliniita. Akachukua vifuniko vya sifuri, moja na mbili, akavisukuma kando. "Hizi tatu haziachwi wazi," akasema. "Ukimtoa mtu hapo, weka faili tupu ishike nafasi." Faili tupu ni faili ya ajabu ambayo ukiiandikia inameza, ukiisoma haina kitu. Inakaa tu pale kuzuia mwingine asiingie. Hiyo ni kanuni nzuri, na mpaka leo naitumia.

Ubaya wangu ni kwamba nikipenda kitu nakipenda kupita kiasi.

Nimelelewa hapa Kibugu, na nyinyi mliolelewa milimani mnajua: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa viazi vitamu kwa kiondo, kiondo kinarudi na ndizi, au maharagwe, au hata mayai mawili. Mama yangu aliwahi kunirudisha kutoka langoni mwa jirani kwa sababu nilikuwa nimebeba sufuria yao ikiwa imeoshwa vizuri lakini haina kitu ndani. "Unataka waseme nini kutuhusu?" Nilirudi na kabeji kichwani.

Basi Bwana Njeru alipostaafu na kurudi kwenye shamba lake la kahawa, nikapewa kuandika upya zile kazi za ndani za shell zinazosimamia namba. Na nikaandika kazi moja niliyoiita rudisha. Rudisha haikuacha namba yoyote wazi, si zile tatu tu. Kila namba iliyorudishwa iliwekewa faili tupu, kisha shell ikaandika pembeni, kwenye kidaftari chake cha ndani: hii ni yetu, imepumzika, itumike tena. Hakuna chombo kitakachorudi kitupu. Nilifurahi mpaka nikampigia Bwana Njeru simu kumsomea.

Akakohoa. "Wanja, hiyo ni mashine. Sio jirani."

"Mashine pia ifunzwe adabu," nikamjibu.

"Na ikisahau kuandika pembeni?"

"Haitasahau."

Miaka miwili haikusahau. Tulijaribu boksi mara nyingi hapo ofisini, valvu tatu juu ya beseni, maji safi ya bomba la mji. Kila kitu kilienda sawa. Ndiyo maana siku hizi nikimsikia kijana akisema kwangu inafanya kazi, nasimama natoka nje.

Ruiri siyo Kibugu. Huku tukilala tunasikia mvua, kule wanaitazama ikinyesha mlimani. Maji yanashuka kwa bomba kutoka msituni, yanafika kwenye tangi la kugawia, na hapo yanakatwa laini nne. Kila laini na siku yake. Mtu akipanda vitunguu akakosa zamu moja wakati wa jua, anapanda tena. Kabla ya boksi letu, maji yale yalishikwa kwa makufuli, na aliyeshika funguo alikuwa Mzee Kirimi. Miaka mingi, na hakuna aliyewahi kusema amependelea, ingawa binti yake ameolewa laini ya nne. Boksi lilipofika hakulichukia. Alilijengea kibanda, akalifagilia kila asubuhi, na mvua ikinyesha alikuja kuangalia kama linavuja. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na namba ya siri ya vile vibonyezo.

Jumatano moja ilikuwa zamu ya laini ya pili. Watu walikuwa wamehamisha miche asubuhi hiyo, mikono bado na udongo. Kabla ya saa sita maji yakakata. Valvu ya pili ilikuwa imefungwa, ya nne imefunguliwa, na kule kwa wakwe wa binti yake Mzee Kirimi maji yalikuwa yanatiririka mpaka barabarani. Walipokimbia kumwita walimkuta nyumbani anakula. Alipofika, boksi lilikuwa limeganda, halijibu chochote. Akafanya alichofundishwa na sisi: akalizima, akaliwasha. Likaamka vizuri kabisa.

Mwenyekiti wa mradi alikuwa Mama Kendi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alinipigia simu Alhamisi asubuhi.

"Injinia, niko hapa kwa boksi. Rekodi inasema, funga mbili, fungua nne, kwa mkono. Hiyo kwa mkono ni kusema nini?"

"Ni kusema mtu alibonyeza vibonyezo."

"Na boksi haiwezi kukosea?"

Vijana, mimi nilikuwa nimesimama, simu shingoni, nikitafuta bisibisi. Sikukaa chini. Sikuuliza boksi lilikuwaje siku hiyo, wala nani alilizima. Nilimwambia, "Mama, boksi haidanganyi. Ikiandika kwa mkono, ni mkono."

"Basi," akasema, "asante. Hiyo ndiyo nilitaka."

Jioni ile Mzee Kirimi alinyang'anywa namba ya siri na kazi.

Sikujua hayo mpaka Ijumaa, na nilipojua nikasikia vibaya kidogo, vile mtu husikia vibaya kuhusu mwizi mzee. Lakini mwili wangu ulikuwa unajua kitu ambacho kichwa kilikuwa hakijajua. Sikuweza kukaa. Nilienda posta mara mbili bila barua. Nilimwomba Mama Kendi anipigie picha ile rekodi anitumie, nikamwambia ni ya faili zetu. Jumapili, katikati ya mahubiri, nikaitoa simu nikaiangalia chini ya kitabu cha nyimbo. Funga mbili: saa tano na dakika arobaini, sekunde ya kumi na mbili. Fungua nne: saa tano na dakika arobaini, sekunde ya kumi na mbili.

Sekunde moja. Vile vibonyezo nilivijua, vilikuwa vigumu, vya kuzuia maji. Amri moja tu ilitaka mibonyezo saba na dole gumba lenye nguvu. Hakuna mzee duniani wa kuandika amri mbili kwa sekunde moja. Sikusikia mahubiri yaliyobaki, na sadaka nilitoa mara mbili.

Jumatatu nilisoma programu mstari kwa mstari, nikainuka, nikakaa, nikainuka. Sikuona kitu. Jumanne nikafungua droo nikatoa vile vifuniko vya soda. Sikuwa na mtu wa kuwa mashine, kwa hivyo nilikuwa shell upande huu wa meza, natembea upande ule nakuwa mashine, narudi. Fundi cherehani alifungua pazia, akaniangalia, akalifunga polepole.

Saa nane mchana nilifika kwenye valvu iliyokwama. Kule Ruiri mvua ikinyesha mlimani maji huja na tope, valvu inasita, inachelewa kufunga. Nilikuwa nimeiwekea hiyo njia yake: ukingoja sana, acha, toka. Programu inatoka haraka, na katika kutoka, inarudisha namba, inaiwekea faili tupu kwa adabu zote, lakini inaruka ule mstari wa kuandika pembeni. Namba imejaa, na hakuna anayejua kwamba ni ya bure. Kila valvu ikikwama, kifuniko kimoja kinaondoka mezani na hakirudi. Beseni la ofisini halikuwa na tope.

Nikaondoa kifuniko kimoja kimoja mpaka kikabaki kimoja. Shell inataka kusoma orodha ya zamu, kama inavyofanya mara kadhaa kwa siku. Inafungua faili ya orodha, inapewa ile namba ya mwisho. Kisha inataka kuvilaza vibonyezo mahali. Inaomba namba, mashine inasema hakuna. Na mimi, mwanafunzi wa Bwana Njeru, sikuwa nimeangalia jibu. Niliandika kana kwamba mashine haiwezi kukataa. Kwa hivyo shell ikaiweka orodha ya zamu pale sifuri, pale pa vibonyezo, na vibonyezo vikapotea. Programu ya zamu ikasoma mistari yake ya Jumatano ikaondoka. Shell ikabaki ikingoja amri kutoka sifuri, na pale sifuri kulikuwa na mistari iliyobaki, ya Alhamisi, siku ya laini ya nne na ya mwisho kwenye orodha: funga mbili, fungua nne. Ikaisoma kama imeandikwa na mtu. Ikatekeleza. Ikaandika kwenye rekodi, kwa mkono.

Nilikaa chini bila kuinuka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Boksi lilikuwa limedanganya, na mimi ndiye niliyeliapia.

Nitawaambia nilivyolitengeneza, kwa sababu hii pia ni kazi yenu. Rudisha niliitupa yote. Namba ikimaliza kazi inafungwa, inabaki wazi, na zile tatu za mwanzo tu ndizo zinazoshikiliwa. Vibonyezo nikavilaza juu, kwenye namba ya kumi kwenda mbele, mbali na namba ambazo programu nyingine zinagombania, nikaweka alama kwamba programu inayoanzishwa na shell isirithi namba hizo. Unatafuta mahali pa kulaza kabla hujamgusa mtoto, siyo baada. Ukikosa, unalalamika na kuacha amri yote, mgeni arudi kwao. Mabadiliko yanarudishwa kinyume cha yalivyofanywa, la mwisho kwanza. Na kila amri ikiisha, shell inahesabu namba zilizofunguliwa, na zikizidi zilivyokuwa mwanzo inapiga kelele. Ni kazi safi. Nikiisoma leo bado naipenda.

Lakini angalieni siku. Nililijua Jumanne saa nane. Simu ilikuwa mezani, karibu na vifuniko. Ningempigia Mama Kendi nikamwambia maneno saba: mama, nilikosea, si Mzee Kirimi, ni sisi. Badala yake nilijiambia kwamba siwezi kwenda na ugonjwa bila dawa. Watatufukuza. Watasema Waembu wametuletea takataka. Ngoja nitengeneze kwanza, niende na programu mpya mkononi, nisimame nikiwa na jibu. Hakuna aliyenizuia. Wenzangu hata hawakujua. Niliandika Jumatano na Alhamisi. Ijumaa nilijaribu kwa ndoo ya tope niliyochota mwenyewe mtoni. Jumamosi nilijaribu tena ingawa haikuhitaji. Jumapili ni Jumapili. Nilikuwa nazunguka usiku na mchana na niliita hiyo bidii.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa Ruiri. Mama Kendi alikuwa kwenye kibanda na wanakomiti wanne.

"Nimekuja kwa ile kesi ya maji," nikasema.

"Hiyo kesi iliisha, Injinia. Alikubali mwenyewe."

"Alikubali nini?"

"Alikubali ni yeye alifungua. Alhamisi ya wiki imeisha. Akaleta mbuzi kwa watu ya laini ya pili, akaomba msamaha, wakakula, tukaomba Mungu, ikaisha. Hata tumeshukuru, hakukuwa na vita."

Niliwaelezea. Nilitoa vifuniko nikavipanga juu ya boksi lenyewe, na walinielewa haraka kuliko vijana wengi niliowafundisha, kwa sababu mtu aliyezoea zamu anaelewa kitu kikiisha. Nilipomaliza, mwanakomiti mmoja wa laini ya pili, mwanamume mnene, akauliza polepole, "Kwa hivyo hiyo mbuzi tulikula ilikuwa ya makosa gani?"

Mama Kendi alikuwa anavua miwani na kuivaa. "Ulituambia boksi haidanganyi," akaniambia.

"Nilisema."

"Mimi ndiye nilienda kwake na hayo maneno yako. Twende umwambie wewe."

Najua mtauliza kama alirudishiwa kazi. Alirudishiwa, akafanya miaka mitatu mingine, na watu wa laini ya pili walimpelekea mbuzi wawili. Programu yangu mpya haijawahi kukosea. Hayo yote ni kweli na hayanisaidii.

Tulimkuta nyuma ya nyumba akimwagilia sukuma kwa kopo. Alinawa mikono, akatuletea viti, mimi sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, haraka, na sikuficha. Alisikiliza akiangalia viatu vyangu.

"Kwa hivyo sio mimi," akasema.

"Sio wewe, mzee. Ni mimi."

"Na ulijua lini?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila swali la namba na valvu.

"Jumanne."

"Ya wiki imeisha?"

"Ndiyo."

Akahesabu siku kwa vidole, akakunja viwili. "Mimi nilikubali Alhamisi," akasema. Hakusema kwa hasira. "Unajua kwa nini nilikubali? Boksi ilisema. Watu wakasema. Na wewe injinia ukasema boksi haidanganyi. Mimi nilikuwa najua nilikuwa kwa nyumba, lakini nikakaa nikajiuliza, Kirimi, kama wote wanasema, si wewe ndiye umesahau? Baba yangu ilianza hivyo hivyo. Alisahau amefungua zizi. Mwisho akasahau sisi."

Mke wake, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani.

Mzee Kirimi akatoa mfukoni mwa koti daftari la shule, la kurasa thelathini na mbili, limekunjwa katikati, na kalamu ndani. Akanifungulia. Aliliandika tangu ile Alhamisi, herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani. *Nimefunga ng'ombe. Nimerudi kuangalia, nimefunga. Nimekunywa dawa ya presha saa mbili. Nimemsalimia Mwenda kwa barabara. Nimefunga ng'ombe.* Kurasa nne zilikuwa zimejaa.

Akaweka daftari juu ya goti, akaandika taratibu, akisoma kila neno kwa sauti. "Injinia, amekuja. Amesema, sio mimi." Kisha akanipa daftari na kalamu.

"Weka sahihi hapo," akasema. "Kesho nikiamka nisifikirie nimeota."

Nikaweka sahihi. Akaniambia niandike na siku, nikaandika Jumatatu.